Nilikwenda Dumaguete kwa Sababu Nilitaka

Purita Sumagaysay,
Mtaa wa Nyuma ya Soko,
La Castellana, Negros,
Ufilipino.

14 Juni 1997

Mpendwa wifi yangu Remedios,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, zangu na za mama yako, ambaye wakati naandika haya amekaa dirishani akilalamika kwamba kalamu yangu inakwaruza. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Wilfredo na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema baridi ya Winnipeg inapenya hadi kwenye mfupa, na kwamba kiwandani mnashona makoti kutwa nzima huku nyinyi wenyewe mnatetemeka. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia Krismasi kama imekwisha niambie, nitampa mtu yeyote anayekuja huko akuletee nyingine.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Mama anakula, anagomba, anavuta tumbaku yake kwa namna yake ya siku zote, moto ukiwa ndani ya mdomo. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona kile linachotaka kukiona.

Salamu zimekwisha, wifi. Sasa tuzungumze.

Naandika kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Nilisimama sebuleni kwa Bi Luding, ambaye pekee ana simu mtaani kwetu, nimebana kipokeo sikioni, naye Bi Luding amekaa pembeni akijifanya anachambua mchele. Uliposema nimemtia kaka yako aibu akiwa kaburini, nilinyamaza. Uliposema kwamba mwaka haujatimia na mjane wa Teryo ameonekana ufukweni bila nguo nyeusi, nilinyamaza pia. Kisha sauti yako ikashuka, ukawa mpole, na upole ule uliniudhi kuliko makemeo yote yaliyotangulia.

"Sikiliza, wifi," ulisema. "Sema tu Teryo alikuomba. Sema kabla hajakata roho alikwambia uende ukaione bahari kwa niaba yake. Mimi nitawapigia wote niwaeleze, na yataisha."

Na nisiposema hivyo, Agosti ukija kwa shughuli ya kuvua msiba utamchukua mama umpeleke Bacolod akakae kwa binamu yenu Norma, maana hawezi kuishi chini ya paa moja na mjane asiye na haya. Hayo ndiyo maneno yako, sikuyatia chumvi. Ukakata simu kabla sijafungua mdomo. Bi Luding akaniuliza kama nataka maji.

Basi jibu langu ni hili, na ni refu, kwa sababu nataka uyajue yote. Ukishayajua yote, ukasirike vizuri.

Unajua jinsi kaka yako alivyougua. Sijasahau pesa ulizokuwa ukituma, na kila ulipotuma nilikushukuru, na leo nakushukuru tena. Lakini pesa zilikuja kwa posta, wifi, na Teryo alikwenda hospitali kwa basi, mimi nikiwa ubavuni mwake. Kila Jumanne na kila Ijumaa, alfajiri, hadi Bacolod kwenye mashine ya kusafisha damu, na kurudi jioni akiwa amelala begani kwangu, mdomo wazi. Mtu aliyekuwa akiendesha lori la miwa kutoka mashambani hadi kiwandani akipiga honi kwa kila msichana, nikawa namfunika blanketi na kumshika mfuko wa kutapikia. Nayajua mashimo yote ya barabara ile. Nawajua makondakta wote kwa majina, na majina ya watoto wao.

Tulipomzika, mwili wangu haukuelewa. Jumanne niliendelea kuamka gizani, nikachemsha maji, nikaanza kulitafuta blanketi. Mama alikuwa akinisikia kutoka chumbani kwake akiniambia, "Lala, Purita, hakuna safari." Miezi ikapita, bado naamka. Na kitu kimoja kikanijia ambacho sikumwambia mtu: nilitaka kupanda basi ambalo haliendi hospitali. Basi. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Bebing unamkumbuka. Ndiye yule anayeuza ndizi za kukaanga nje ya shule, mnene, mwenye kicheko kinachosikika hadi kanisani. Mwezi wa Mei, shule zimefungwa na ndizi zake hazina wanunuzi, alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gunia la mchele akasema, "Shoga, twende mahali." Nikamuuliza wapi. Akasema popote penye bahari na chumba cha bei ya chini. Nilikuwa nasugua sufuria na wala sikufikiri. Nikasema Dumaguete.

Nilimwomba Norma aje kutoka Bacolod akae na mama siku tatu. Nilimwambia mama kwamba nakwenda kupumzika na Bebing, naye hakuuliza ni wapi. Alichouliza ni nani atampikia, na alipoambiwa ni Norma aliguna. Nikaondoka nimevaa nyeusi kama inavyonipasa, nimebeba mfuko wenye gauni la kulalia, mswaki, mayai ya kuchemsha na wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, ili tusinunue chakula njiani.

Tulipopita Kabankalan ndipo Bebing aliponiambia kwamba amemweleza Bi Luding kuwa tunakwenda Jaro, ng'ambo ya pili ya bahari, kumwombea Teryo kwa Bikira wa Candelaria. Nikamwambia amefanya vibaya. Akasema uongo wa kanisani haumdhuru mtu, akamenya yai. Sikuweza kushuka nikarudi kwa miguu kumweleza Bi Luding ukweli, nami sikujisumbua sana kutaka kufanya hivyo.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Tulikuwa na pesa za kuungaunga, na tulipanga kuishi kwa kubana, lakini hatukubana chochote, kwa sababu ya nguo yangu. Ndani ya basi kondakta aliniona akamwinua kijana aliyekaa dirishani, akamwambia ampishe mama mwenye msiba. Tulipofika Mabinay, mwenye kibanda cha supu alitujazia bakuli mara ya pili na hakutaka pesa. Dumaguete kwenyewe, nyumba ya wageni tuliyoipata ni ya mbao, nyuma ya soko, ya mama mmoja anayeitwa Bi Consing. Aliponiangalia tu akauliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mume. Akafanya ishara ya msalaba, akatupunguzia nusu ya bei, akatuletea chupa ya maji ya moto na feni yake mwenyewe kutoka chumbani kwake.

Bebing alikuwa peponi. Alijitupa kitandani feni ikimpuliza tumbo, akasema, "Shoga, nguo hiyo usiivue hata kulala. Tukiwa nayo tunafika Manila."

Nilicheka, wifi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ile jioni tulitembea barabara ya ufukweni, tukakaa kwenye ukuta tukila mahindi ya kuchoma na kutazama meli zinazokwenda Siquijor. Bebing akasema kesho avuke akanunue dawa ya mapenzi kwa wachawi wa kule. Nikamuuliza amtilie nani. Akafikiri sana, akasema hana mtu, lakini ni vizuri kuwa na akiba.

Asubuhi tulikwenda sokoni kunywa chokoleti nzito na kula budbud, ile ya ulezi mdogo iliyopikwa kwa tui la nazi na kufungwa kwenye jani. Mama aliyekuwa akitumiminia alinitazama nguo, akaniuliza alikufa kwa nini. Nikajikuta namweleza yote: figo, sindano, mkono uliovimba, jinsi alivyopoteza ladha akawa anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Yule mama akapangusa macho kwa aproni, akaniwekea budbud nyingine kwenye sahani. Bebing akanikanyaga mguu chini ya meza ili niendelee, kwa sababu yeye alikuwa hajapewa.

Hapo nikairudisha budbud kwenye sahani. Nilikuwa nimemweleza mtu nisiyemjua kifo cha mume wangu, nikalipwa budbud. Na jana yake nililipwa supu, na kiti cha dirishani, na nusu ya bei ya chumba. Hakuna aliyenikosea, ni watu wema wale, walifanya kama sisi sote tunavyofanya tukiona nyeusi. Mimi ndiye niliyejichukia. Teryo hakupenda kuhurumiwa hata siku moja. Hata alipokuwa hawezi kutembea, aligombana na yeyote aliyetaka kumpisha kiti.

Nikalipa budbud yote, na ile niliyopewa bure nikailipia. Nikarudi chumbani nikaivua ile nguo. Niliikunja vizuri, nikaiweka juu ya mto. Kwa kuwa sikuwa na nguo nyingine isipokuwa ya kulalia, Bebing alinipa gauni lake la njano lenye maua makubwa, ambalo mwilini mwangu lilizunguka mara mbili, nikalifunga kiunoni kwa kamba.

Kwa hiyo, wifi, aliyekwambia nilivua msiba ili nistarehe hakukwambia kweli. Nilivua kwa sababu nguo nyeusi ilikuwa imekuwa bakuli la kuombea. Nilitaka siku moja nilipe bei anayolipa kila mtu. Na kama mwaka mzima wa kumlilia kaka yako unahesabiwa kwa rangi ya kitambaa, basi miaka niliyomshika mkono alipokuwa hai ihesabiwe kwa nini?

Bei nililipa kweli. Bi Consing alituona tukishuka ngazi, akaweka mikono kiunoni.

"Jana ulikuwa mjane," alisema.

"Hata leo ni mjane," nikamjibu. "Nimevaa njano tu."

"Basi bei ya njano ni kamili."

Akaja kuchukua na feni. Bebing alininunia njia nzima. Alisema mimi ni mpumbavu, na kwamba sasa pesa ya chakula cha kurudia imekwenda na maua ya gauni lake. Nilimwambia anaweza kurudi avae yeye ile nyeusi, kwani naye ni mjane. Akasema haimwenei. Tukaanza kucheka tena palepale barabarani, watu wazima wawili, wapita njia wanatutazama.

Tulikwenda ufuko wa mwisho wa mji, ambako watu wa pale huoga wakiwa na nguo zao. Mimi sijui kuogelea na sikujaribu. Niliingia hadi kifuani nikasimama. Gauni likajaa maji likapanda juu, likanizunguka kama mwavuli, nikawa nahangaika kulishusha huku Bebing anapiga kelele za furaha. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Jua lilikuwa kali. Mtoto wa mtu alinirushia maji usoni, nami nikamrushia.

Hapa sitakudanganya. Ungependa niseme nilimuona Teryo kwenye mawimbi, au nilisikia sauti yake. Sikumuona. Sikumuwaza kabisa, kwa muda mrefu. Sikuwaza sindano wala basi wala blanketi. Nilipokumbuka kwamba sikumuwaza, nilitoka nikakaa mchangani nikalia hadi kwikwi zikanishika. Bebing hakusema kitu, na kwake hilo si jambo dogo. Kisha nikarudi majini.

Siku ya kurudi, pesa zilizobaki zilitosha nauli na kitu kingine kimoja tu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungenunua chakula? Hata wewe huko Kanada hujawahi kurudi nyumbani mkono mtupu. Maboksi yako ya zawadi ni makubwa hata hayapiti mlangoni. Tulinunua budbud za kuwaletea watu, kikapu kizima. Za mama, za Norma, za majirani, za mwalimu mkuu anayemruhusu Bebing kuuza ndizi getini. Tukapanda basi tumepakata kikapu, njaa inatuuma toka Bais hadi nyumbani, harufu ya nazi inatupanda puani, na hatukula hata moja. Kondakta alitutazama safari hii, mimi nikiwa na njano yangu, akatuambia tusogee nyuma, viti vya mbele vimejaa. Tulisogea.

Utaniuliza mbona nyumbani pia niliingia na njano. Ile nyeusi ilikuwa mfukoni, safi, imekunjwa. Ningeweza kuivaa pale stendi kabla ya kushuka mtaani, na Bebing alinisihi hivyo. Nilimwambia kama nimevaa njano mbele ya watu nisiowajua, siwezi kuwaficha ninaowajua. Niliivaa tena nyeusi asubuhi iliyofuata, nikaenda nayo kanisani, na ninayo mwilini hadi sasa. Nitakuwa nayo hadi Agosti. Sikusema popote kwamba msiba umekwisha.

Na si gauni lililomjulisha Bi Luding. Tulifika magharibi, yeye alikuwa ndani akisikiliza mchezo wa redio. Alijua kwa sababu Bebing, aliyemdanganya kwamba tumekwenda Jaro, asubuhi alimpelekea budbud mbili zikiwa na majani yake. Alishindwa kuiruka nyumba yake. Alisema ni aibu kuwapa majirani wote asimpe yeye, hasa akizingatia kwamba ndiye aliyemdanganya. Anayetoka Jaro huleta mikate mikavu ya siagi, kila mtu wa kisiwa hiki anajua. Hakuna aliyewahi kutoka Jaro na budbud ya ulezi. Bi Luding alikula zote mbili, akanawa mikono, akaja kuniuliza mlangoni kwangu kama Bikira wa Candelaria amehamia Dumaguete. Nilimwambia hapana, sisi ndio tuliohamia huko, siku tatu, tukaoga baharini, na nguo nyeusi nilivua. Mimi ndiye niliyemwambia, wifi. Hakuninasa. Jioni ukawa umeshajua huko Winnipeg.

Ndiyo sasa narudi kwenye ombi lako.

Najua ni uongo mdogo, na najua uongo huo ungefanikiwa. Padri angetikisa kichwa kwa huruma. Bi Luding angelia. Shangazi zako wa Bago wangesema Teryo alikuwa mume wa pekee, na mimi mke mtiifu hadi baharini. Nami ningebaki na mama, ambaye, uamini usiamini, ndiye mtu niliyebaki naye duniani ninayegombana naye kwa raha. Kumpoteza kutanivunja. Nakwambia wazi ili usidhani umenitisha kwa kitu kidogo.

Lakini siwezi. Mara ya kwanza nilipomuuza Teryo kwa budbud nilikuwa sijui ninachofanya. Mara hii ningejua.

Tena fikiria unachonitaka niseme. Teryo, aseme nikaione bahari kwa niaba yake? Teryo huyu wetu? Mwaka wetu wa kumi wa ndoa nilimwomba anipeleke Dumaguete. Aliniangalia kama nimemwambia tuuze nyumba. Akasema, "Tukafanye nini? Kutazama maji?" Akageukia redio yake. Huyo ndiye mume niliyekuwa naye: mbishi, mpenda nyumbani, mchoyo wa nauli, na nilimpenda hivyohivyo. Hakuniachia neno tamu la kuniruhusu kitu chochote. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba mto umekaa vibaya, nikaugeuza. Ukiwapigia watu simu ukawapa Teryo mwingine, mpole, wa kumtuma mkewe baharini, yule wangu atakwenda wapi? Nimeshamzika mara moja.

Kwa hiyo ukiulizwa, sema hivi: Purita alikwenda Dumaguete kwa sababu alitaka. Hakutumwa. Hakuwa na ruhusa ya aliye hai wala aliyekufa. Alilipa bei kamili na hajutii.

Jana nilimweleza mama yote, pamoja na ombi lako na habari ya kumpeleka kwa Norma. Niliona si haki nikujibu wewe kabla hajajua. Nilipofika pale Teryo anaponiomba niende baharini, alicheka mpaka ikabidi aitoe tumbaku mdomoni.

"Jicho langu moja limekufa," alisema, "lakini sijawa mjinga. Teryo huyo si mtoto niliyemzaa."

Kwa Norma hataki. Alisema Norma alimfichia tumbaku siku zote tatu na kumlisha uji kama mgonjwa, na kwamba ukitaka kumpeleka Bacolod uje na watu wa kumbeba. Hayo ni yake, mimi sikumfundisha. Unaweza kumuuliza mwenyewe Agosti. Wala usidhani amenipongeza. Aliniambia nimevua nyeusi mapema, na kwamba hilo ameliweka moyoni.

"Nitakusamehe Agosti," alisema. "Hasira ni yangu, mwanangu ndiye aliyekufa. Remedios asiiazime."

Kisha akaegemea kiti. Nikadhani amesinzia. Niliinuka kwenda kutazama wali, naye akaanza kusema, si kwangu hasa, akiwa ameelekea dirishani. Alisema baba yenu alipokufa yeye alikuwa na miaka thelathini na moja, Teryo anajifunza kutembea, wewe unanyonya. Alivaa nyeusi mwaka mzima, na ulipokwisha akaendelea kuivaa, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia aivue na kazi zilikuwa nyingi. Alisema tangu siku ile hadi leo hakuna mtu aliyemuuliza anataka kwenda wapi.

Nikarudi nikakaa karibu naye. Nikamuuliza, "Ulitaka kwenda wapi, mama?"

Alifikiri, wifi. Alifikiri kwa muda mrefu, kope zinachezacheza, kama mtu anayepapasa kitu kwenye sanduku lenye giza.

"Nimesahau," alisema.

Wali uliungua na hakuna aliyeugombea. Mimi nilimshika mkono, akaniacha nimshike. Na tangu jana, kila nikikumbuka sauti yako kwenye simu, hasira inanitoka, inabaki huruma, kwa sababu hata wewe, katika miaka yote hiyo ya kushona makoti ya watu na kujaza maboksi yetu, sijakuuliza. Basi nakuuliza sasa. Unataka kwenda wapi, wifi? Usiniambie nyumbani, usiniambie kanisani. Niambie kabla hujasahau.

Nisalimie Wilfredo. Nisalimie Rosalie na Dindo, uwaambie shangazi yao hajawa kichaa. Bebing anakusalimu, na anasema mwakani gauni la njano anakuazima. Salamu za Bi Luding sina, lakini nadhani atakufikishia mwenyewe.

Mungu akulinde na baridi, alipoze goti lako, akulete Agosti salama. Nguruwe wa shughuli nitamchinja mimi, hapahapa, na mahali pako mezani ni karibu na mama.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na nisiyekuogopa,

Purita